Bei Ni, Bei Iwe

Jumamosi moja ya Januari 2024, wakati ule wa mgao wa umeme, mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye meza yangu ya chakula hapa Upanga, laptopu imebaki na chaji asilimia 19. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Mama yake aliona badala ya binti kushinda na simu kutwa nzima, bora aje kwa mjomba ajifunze kuandika programu. Nikamwanzishia Python. Saa nzima ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha akanyamaza, akaisogeza laptopu upande wangu.

"Mjomba, hapa si wanadanganya?"

Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja:

x = x + 1

Akausoma kwa sauti, kama sote tulivyofundishwa darasa la kwanza: "Eksi, sawasawa na, eksi jumlisha moja." Akachukua kalamu, akatoa eksi upande wa kushoto, akatoa eksi upande wa kulia, akanionyesha kilichobaki. Sifuri sawasawa na moja.

Huyu binti hesabu anaijua, na alichokiandika kwenye karatasi hakikuwa na kosa. Nikamjibu kwa jibu nililojibiwa mimi: "Ndivyo ilivyo huku. Zoea tu." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchapa. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea, kwa sababu jibu hilo nilishaliona likimfukuza mtu chuo.

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha hapa mjini. Deski langu nilishirikiana na swahiba mmoja aliyetoka mkoani, shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari ya kata, akapasua hesabu kwa namna ambayo kijijini kwao waliifanyia sherehe. Sisi wa Dar tulimfuata yeye kuelewa hesabu. Lugha ya kwanza ya programu tuliyopewa ilikuwa C.

Zoezi lilikuwa jepesi: andika programu ya duka, mteja akinunua vitu 10 apewe punguzo. Swahiba akaandika sharti lake hivi:

if (vitu = 10)

Programu ikakubali bila kinyongo na hakuna kosa lililotajwa. Tatizo ni kwamba ilimpa punguzo kila mteja, hata aliyenunua kiberiti kimoja. Alikaa nayo usiku mbili. Akaandika upya hesabu za punguzo, akabadilisha majina, akahama kompyuta akidhani iliyo mbele yake ni mbovu. Aliposimama mbele ya mkufunzi msaidizi akaambiwa aongeze alama ya pili ya sawasawa, zikae mbili, ==, na alipouliza kwa nini akaambiwa programu si za kila mtu. Kwenye mtihani lilikuja swali la namna hiyo hiyo, na akalijibu kwa akili ya hesabu. Akapata sapu. Akarudia, akapata tena. Mwisho wa mwaka akadisko, bumu likakatika, akabeba begi.

Mimi nilifaulu, na si kwa kuelewa. Nilikuwa nimekariri wimbo wangu mwenyewe, "mbili kuuliza, moja kuweka", nikauandika kwenye kiganja cha akili na kuingia nao kwenye mtihani. Sikumwambia sababu, kwa kuwa sikuijua. Ila nilimwacha aamini kwamba mimi naijua na yeye hana kichwa cha kuijua. Hilo ndilo lililonifanya, usiku ule wa mgao baada ya mpwa wangu kulala, niwashe mshumaa na kuanza kutafuta alama hii ilitoka wapi.

Alama ya sawasawa ina mwenyewe. Aliitwa Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, na aliitoa katika kitabu chake cha mwaka 1557. Alikuwa amechoka kuandika maneno "ni sawa na" kila mstari, akachora vistari viwili vya kulala, sambamba, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Mwaka uliofuata alifia gerezani kwa sababu ya deni. Watu wengine waliendelea na alama zao kwa zaidi ya karne kabla ya kukubaliana na yake. Kwa hiyo alama ambayo mpwa wangu anaiona kama sheria ya Mungu ilianza kama uvivu wa heshima wa mtu mmoja, ikashindana na nyingine, ikashinda. Lakini maana yake ilikuwa moja tu: kushoto na kulia ni kitu kilekile. Haimwamrishi mtu afanye chochote.

Miaka 400 baadaye ikapewa kazi nyingine. Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa Fortran, lugha ya kuwawezesha wanasayansi kuandika fomula badala ya namba za mashine. Programu zilitobolewa kwenye kadi ngumu, kila kadi na safu wima 80, kwa mashine iliyokuwa na herufi kubwa, tarakimu na alama chache za kuhesabika. Walihitaji namna ya kusema "chukua hesabu hii, jibu lake liweke kwenye kisanduku hiki". Alama ya = ilikuwepo kwenye mashine, na wanasayansi walikuwa wameizoea kwenye fomula. Wakaichukua. Baadaye Fortran ilipotaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa, alama nzuri ilishachukuliwa, ikabidi iandikwe .EQ. na nukta mbele na nyuma, mithili ya mtu aliyefika msibani viti vimejaa akakalia ndoo.

Si kwamba hakuna aliyeona tatizo. Kabla ya hapo Konrad Zuse, kule Ujerumani, alikuwa ametumia alama mfano wa mshale, na mshale unajieleza: kitu kinatoka hapa kinakwenda pale. Mwaka 1958 kamati ya Wazungu na Wamarekani ilikutana Zürich kutengeneza lugha ya pamoja, ile iliyokuja kuitwa ALGOL, ikaamua kuweka iandikwe := na kulinganisha kubaki na = ya Recorde. Uamuzi wa busara. Niklaus Wirth akauchukua kwenye Pascal mwaka 1970, na ndiyo maana waliosoma Pascal hawakuumwa na ugonjwa wetu.

Ugonjwa wetu unatoka New Jersey. Karibu na mwaka 1969 Ken Thompson, katika maabara za Bell, alikuwa akitengeneza lugha ndogo aliyoiita B kwa ajili ya mashine yenye kumbukumbu finyu mno. B ilitokana na BCPL ya Martin Richards, na BCPL ilifuata desturi ya :=. Thompson alipunguza kila kilichopungukika. Akaona kwamba ndani ya programu watu huweka vitu mara nyingi kuliko wanavyolinganisha, karibu mara mbili, hivyo alama ya kuweka ifupishwe iwe = na ya kulinganisha irefushwe iwe ==. Hoja yake ni ile ya konda anayepanga abiria: wengi wakae karibu na mlango. Dennis Ritchie alipoijenga C juu ya B akairithi. Kisha C++ ikarithi, na Java, na JavaScript, na PHP, na kila chuo kilichofundisha mojawapo. Kosa la swahiba wangu lilikuwa limeandaliwa kabla wazazi wake hawajaoana.

Thompson huyohuyo alikuwa na alama nyingine, =+ na =-, za kuongeza na kupunguza. Ikaonekana kwamba ukiandika x=-1 haijulikani kama unaweka hasi moja au unapunguza moja. Hiyo waliigeuza, ikawa += na -= kama zilivyo leo. Kwa maneno mengine, waliweza kurekebisha walipotaka. Ile ya sawasawa waliiacha.

Na haiumizi wanafunzi tu. Novemba 2003 mtu asiyejulikana aliingiza mistari miwili kwenye nakala mojawapo ya Linux, ndani ya sharti lililoonekana kukagua kama mtumiaji ni namba sifuri, yaani yule mwenye mamlaka yote. Badala ya == aliandika =. Sharti halikukagua kitu. Lilimfanya aliyelifikia awe namba sifuri, mwenye nyumba. Waliokuwa wakiitunza nakala hiyo waliona haifanani na ile kuu, wakautoa mstari kabla haujasambaa. Nilipomsomea mpwa wangu habari hii kesho yake akauliza kwa nini swahiba yangu alifukuzwa kwa kosa ambalo jambazi alilitumia akitegemea mabingwa hawataliona. Sikuwa na jibu.

Swali lililonisumbua zaidi ni kwa nini hakuna aliyetusimulia haya. Mkufunzi wetu hakuwa mtu mbaya. Sidhani kama naye aliwahi kusimuliwa. Nikafuata uzi huo ukanirudisha mjini hapahapa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, mwendo wa miguu tu kutoka ninapoishi. Ilipofika 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulikuwa umevurugika, wataalamu wenyeji hawakuwepo wa kutosha, na fedha za kigeni zilikuwa zimekwenda. Mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, na ukitaka lazima upate kibali. Zuio hilo lilikuja kulegezwa taratibu miaka ya themanini.

Sitaki kucheka uamuzi ule. Nchi haikuwa na dola za kuchezea, na mashine iliyonunuliwa kwa bei hiyo halafu isijumlishe mishahara ni hasara inayouma. Lakini weka miaka hiyo kando ya ile mingine. Kitabu cha C cha Brian Kernighan na Ritchie kilichapishwa 1978. Miaka ileile ambayo vijana wa kwingine walikuwa wanabishana kuhusu := na =, wanapoteza usiku kwa kadi zilizodondoka, wanageuka kuwa wazee wa fani wenye visa vya kusimulia, hapa mlango ulikuwa umeegeshwa. Ulipofunguliwa tukapokea lugha zilizokomaa. Sintaksia ikaja bila hadithi zake, na kitu kisicho na hadithi hukaririwa. Ukishindwa kukariri unaambiwa si yako.

Tena ilikuja kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali anasoma hesabu kwa Kiswahili, anaisema = "sawasawa na", halafu anahamishwa lugha kidato cha kwanza, na chuoni anakutana na lugha ya tatu iliyovaa maneno ya ile ya pili. Nadhani hapa ndipo tulipopoteza kitu ambacho kilikuwa mkononi. Kiswahili hakina utata wa Thompson. Pita Kariakoo, mtaa wowote, sikiliza dakika tano:

"Bei ni elfu kumi na tano."

"Iwe elfu kumi."

"Ni elfu kumi?"

Sentensi tatu hizo ni mambo matatu tofauti, na hakuna mtoto wa Dar anayeyachanganya. Ya kwanza inaeleza hali ilivyo. Hiyo ndiyo sawasawa ya Recorde. Ya pili inataka hali ibadilike. Irabu moja ya mwisho, ile -e, inageuza taarifa kuwa amri, na bei iliyokuwa kumi na tano inaambiwa iwe kumi. Ya tatu ni swali, jibu lake ni ndiyo au hapana. x = x + 1 inakuwa fumbo ukiisoma kwa "ni". Isome kwa "iwe": eksi iwe eksi jumlisha moja. Umri wako uwe umri wako jumlisha mwaka. Hapo hakuna uongo tena. Hilo sharti la swahiba, kwa Kiswahili, lilisomeka "kama vitu viwe 10", sentensi ambayo sikio lenyewe linaikataa. Angeona kosa kabla hajamaliza kuichapa.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo Jumapili asubuhi. Akairudia mara mbili, "eksi iwe", kisha akasema, "Sasa si ungesema jana, Mjomba?"

Tukaendelea, na kama kawaida fumbo likizaa jibu, jibu linazaa fumbo. Alitengeneza orodha ya majina ya wadogo zake, akataka jina la kwanza, akaandika 1, akapewa la pili. Hapo sikuhitaji vitabu, nilimpeleka kwenye ngazi. Jengo letu ni mojawapo ya yale ambayo wazee bado wanayaita "ya Msajili", kwa kuwa sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iliyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Halina lifti. Nyumba ya pale anapokaa mlinzi tunaiita "chini". Ukipanda ngazi moja uko ghorofa ya kwanza. Mimi naishi ghorofa ya pili, na ukihesabu sakafu kwa macho kutoka nje ni ya tatu. Mtu wa Upanga anahesabu kuanzia sifuri kila siku akirudi na mifuko ya sokoni, ila hajui kama anafanya hivyo. Kompyuta inahesabu ngazi ulizopanda, haihesabu sakafu. Katika BCPL na watoto wake, namba iliyo kwenye mabano ni umbali kutoka mlangoni, na wa kwanza yuko hapohapo mlangoni, umbali sifuri.

Saa nayo. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, saa moja ni baada ya saa nzima ya kwanza ya mchana kupita, wakati simu mkononi inaandika 07:00. Kila aliyewahi kukata tiketi ya basi la mkoani amewahi kusimama kidogo na kujiuliza kama saa 12 iliyoandikwa ni ya jua au ya simu. Tofauti ni sita, siku zote sita, na kichwa cha Mswahili kinaitoa na kuijumlisha bila kusikia. Kisha tunaambiwa hatuna akili ya kuanzia sifuri. Neno sifuri lenyewe tulilipata moja kwa moja kutoka Kiarabu, wakati Wazungu walilizungusha Kilatini na Kiitaliano mpaka likawa maneno mawili kwao, moja la sifuri na moja la maandishi ya siri. Na neno "algorithimu" wanalotumia wataalamu ni jina la mtu, al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya tisa kuhusu namba za Wahindi. Bahari iliyoleta sifuri hapa ni hii iliyo mwisho wa barabara.

Sisemi lugha yetu ni safi. Ilishakaa kwenye kamati kama C. Mwaka 1925 walikutana hapa Dar es Salaam kuzungumzia lugha ya shule, mwaka 1928 Mombasa ikaamuliwa lahaja ya Unguja ndiyo iwe msingi, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya makoloni ikaanza kazi ya kusema neno gani ni sanifu na lipi si sanifu. Wengi wa Mombasa hawakufurahi, na mpaka leo ukimgusa mtu wa Kimvita kwa jambo hilo andaa kahawa. Vijana wa Dar tunasema "gari imeharibika" na mwalimu anatusahihisha "limeharibika", na hakuna kilichovunjika kwenye gari wala kwenye maana. Sarufi nyingi ninazozijua ni kumbukumbu za nani alikuwa chumbani siku ile.

Nani alikuwa chumbani: Grace Hopper, afisa wa jeshi la majini la Marekani na mtu aliyesukuma sana wazo la kuandika programu kwa maneno ya kawaida, alisimulia kwamba miaka ya hamsini yeye na wenzake waliwaonyesha wakubwa wa kampuni programu moja ikifanya kazi kwa maneno ya Kiingereza, kisha ileile kwa Kifaransa, kisha Kijerumani. Kwa mashine ilikuwa kitu kimoja. Wakubwa walistuka, kompyuta iliyotengenezwa Marekani haiwezekani ielewe Kifaransa. Ikabidi waahidi kwamba watabaki na Kiingereza. Mashine haikuwa na tatizo lolote.

Huku kwetu wapo waliojaribu. Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Na miaka ya karibuni kuna Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili iliyojengwa juu ya lugha ya Go, iko wazi kwa yeyote. Nilimwonyesha mpwa wangu. Kuandika ni andika. Sharti ni kama, na vinginevyo ni sivyo. Kurudia ni wakati. Ukweli na uongo ni kweli na sikweli, neno moja, jambo ambalo mwalimu wake wa Kiswahili angelipigia mstari mwekundu. Kilichomchekesha zaidi ni ktk, ile tunayoandika kwenye meseji, ikiwa neno rasmi la lugha. Akaiamini papo hapo, kama unavyomwamini mtu anayeongea kama mtaani kwenu.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye alama yangu. Nikatarajia "iwe". Nikakuta fanya x = 5, na kulinganisha ==. Uamuzi wa Thompson umevaa kanzu. Sikuwalaumu. Anayejenga lugha anataka kijana akitoka kwake aweze kuingia kwa wengine, na wengine wote ndivyo walivyo. Python yenyewe ilichagua njia ya kati: ukiandika = moja ndani ya sharti inakataa palepale na kukuonyesha kidole. Kisha mwaka 2018, baada ya ubishi mkali kuhusu kuruhusu kuweka kitu katikati ya sharti, Guido van Rossum, aliyeianzisha, aliukubali mpango huo na kuachia uongozi kwa uchovu. Alama waliyochagua ni :=, ile ya Zürich ya 1958.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kariakoo. Nilishuka Faya, nikatembea mpaka mtaa wa Aggrey. Swahiba ana kibaraza pale, simu na makava mbele, meza ya ufundi nyuma. Tunaonana mara mbili kwa mwaka, tunaongelea mpira na watoto, chuo hatukigusi. Mezani kwake palikuwa na laptopu kuukuu yenye dirisha jeusi la kuchapia amri, na daftari la kaunta limejaa mistari kwa mwandiko wake, amri za kufufulia simu zilizokufa. Amejifunza mwenyewe, usiku, akitazama video. Sikuwa najua.

Nikamsimulia yote, nimesimama, watu wanapita kati yetu. Wales, kadi za kutoboa, konda na abiria wake, Zürich. Nikamwambia na ile ya wimbo wangu, kwamba nilifaulu kwa kukariri na nikamwacha afikiri vingine. Hakuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," akasema.

"Kwa hesabu, ulikuwa sahihi."

"Na ulijua hujui."

"Nilijua sijui."

Akapuliza vumbi kwenye simu. "Miaka kumi na miwili, mwanangu." Hakusema kwa hasira, na ningependa angesema kwa hasira.

Dada mmoja akasimama na kava mkononi. "Bosi, hii bei?"

"Ni elfu nane, dada yangu."

"Iwe elfu tano."

Swahiba akanitazama mara ya kwanza tangu nifike. Akashuka mpaka sita na nusu, akapokea hela, akarudisha chenji. Dada alipoondoka akalivuta lile daftari la kaunta, akageuza ukurasa mpya.

"Nitajie tena," akasema. "Yule wa vistari viwili. Mwaka gani?"